Mtori, Chakula cha Mzazi

Mwanamke akiisha kujifungua mtoto, mwili wake huwa umechoka sana. Damu imetoka, usingizi umepungua, na tangu siku ile ya kwanza yampasa kula kwa ajili ya watu wawili, maana mtoto hana chakula kingine ila maziwa ya mama yake. Kwa hiyo makabila mengi ya Afrika ya Mashariki yana chakula maalum cha mzazi. Watu wa pwani humpikia uji wa pilipili manga. Wachagga, wakaao katika mitelemko ya mlima Kilimanjaro, humpikia mtori, yaani supu nzito ya ndizi mbichi na nyama ya ng'ombe.

Zamani mzazi wa Kichagga alikaa ndani muda wa miezi mitatu. Hakulima, hakuchota maji, wala hakwenda kukata majani ya ng'ombe. Jamaa walimhudumia, na mume alijua ya kuwa kuleta nyama ni deni lake. Miezi hiyo ilipotimia, mama alinyolewa, akavikwa vazi la ngozi lenye ushanga na taji ya ushanga kichwani, akapewa fimbo kama ile wanayoshika wazee, akatoka na mtoto wake kwenda sokoni polepole. Watu waliokutana naye walimwimbia nyimbo kama zile walizoimbiwa mashujaa waliorudi vitani. Heshima hiyo ilikuwa haki yake, maana hatari ya kuzaa haikuwa ndogo kuliko hatari ya mkuki.

Siku hizi ni wachache wawezao kukaa ndani miezi mitatu, kwa kuwa kazi za shamba na za ofisi hazingoji. Lakini mtori haukuachwa. Wala si chakula cha wazazi peke yao tena: wagonjwa hunywa, wazee wasio na meno hunywa, na katika miji ya Moshi, Arusha na Dar es Salaam huuzwa asubuhi mikahawani kwa watu wazima wenye afya, ambao wameupenda tu.

Mwanzo wa mtori si jikoni, bali kihambani. Kihamba ni shamba linalozunguka nyumba ya Mchagga. Juu kuna miti mirefu ya kivuli; chini yake migomba; chini ya migomba mibuni, na chini kabisa viazi na mboga. Maji huja kwa mifereji iliyochimbwa na watu wa kale kutoka mito ya mlimani. Ng'ombe hawachungwi, ila hufungwa zizini na kuletewa chakula: majani yanayobebwa vichwani na wanawake kutoka tambarare, pamoja na majani ya migomba na mashina yake yaliyokatwakatwa. Samadi hutolewa zizini na kuzikwa penye mashina ya migomba. Basi ng'ombe hula mgomba, na mgomba hula samadi ya ng'ombe, na mwisho wote wawili hukutana katika chungu kimoja.

Aina za ndizi ni nyingi, na kila aina ina kazi yake. Nyingine ni za kuchoma, nyingine za kuiva na kuliwa tamu, nyingine za pombe. Kwa mtori Wachagga hupenda ndizi za mshare, nazo hukatwa zingali mbichi. Kuna sababu yake. Ndani ya ndizi mbichi mmejaa wanga, kama ule wa viazi na mahindi. Kadiri ndizi inavyoiva wanga ule hugeuka kuwa sukari. Mtu akitumia ndizi iliyoanza kugeuka rangi, supu yake itakuwa tamu na nyepesi kama maji ya miwa, nayo haitashika mwiko.

Kumenya ndizi mbichi ni kazi inayochafua mikono, maana utomvu wake hufanya madoa meusi yasiyotoka upesi kwa maji wala kwa sabuni. Mpishi mwenye ujuzi hujipaka mafuta mikononi kwanza. Kila ndizi ikiisha kumenywa hutiwa katika bakuli la maji, kwa kuwa ikikaa wazi hewa huigeuza rangi ikawa nyeusi, kama bilinganya lililokatwa likaachwa mezani. Maganda hayatupwi, hurudi kwa ng'ombe.

Nyama inayofaa si steki laini isiyo na mfupa. Ni afadhali kidari, mbavu, au nyama ya mguu yenye kano na ngozi nyeupe nyeupe zinazoshikamana na mifupa. Watu wa mjini wasiojua hulipa fedha nyingi kwa nyama laini, kisha hushangaa kuona supu yao haina ladha. Kwa watu sita au saba, kilo moja ya nyama yenye mifupa yatosha pamoja na ndizi 15 hivi.

Nyama huoshwa, hukatwa vipande, huwekwa katika chungu au sufuria, na kutiwa maji baridi. Maji yakiwa baridi na kupata moto polepole, utamu wa nyama hupata nafasi ya kutoka na kuingia katika maji. Baada ya muda povu la rangi ya kijivu hutokea juu. Wengi hudhani ya kuwa ni uchafu wa nyama. Sivyo. Ni majimaji ya nyama yenyewe yaliyoganda kwa moto, kama ute wa yai unavyoganda ukichemshwa. Mpishi huliondoa kwa upawa ili supu iwe safi machoni, lakini aliyelisahau hakumdhuru mtu.

Kisha moto hupunguzwa. Zile kano na ngozi nyeupe, ambazo katika nyama ya kuchoma ni ngumu kama kamba, katika maji ya moto hulegea kidogo kidogo na kuyeyuka, zikawa kama gundi laini. Kazi hiyo haiwezi kuharakishwa. Yataka saa mbili, na kwa ng'ombe mzee saa tatu au zaidi. Alama yake huonekana supu ikipoa, nayo haikosekani mlimani penye baridi: supu iliyopikwa vema huganda, ikatikisika kama maziwa mgando. Hiyo ni ile gundi iliyotoka katika kano.

Hapa yafaa kueleza jambo moja ambalo wapishi wa mlimani hulijua kwa uzoefu. Mwanamke aliyezaliwa Tanga, akaolewa Marangu, huona ya kuwa maharage na nyama huchelewa kuiva kuliko kwao. Hulaumu kuni, au sufuria, na pengine mama mkwe humlaumu yeye. Lakini kosa si la mtu. Hewa ina uzito, nao huyakandamiza maji yasigeuke mvuke upesi. Pwani, penye hewa nzito, maji huchemka katika digrii 100. Mtu akipanda mlima, hewa iliyo juu yake hupungua, na maji huchemka kabla hayajawa na moto mwingi. Katika mji wa Moshi, ulio mita 800 hivi juu ya bahari, maji huchemka yakiwa na digrii 97 hivi. Katika vijiji vilivyo mita 1,500, digrii 95. Na katika kilele cha Kibo, mita 5,895, yatachemka katika digrii 80 tu, nayo hayataivisha maharage hata mtu akikaa kutwa nzima.

Mwaka 1835 Charles Darwin, Mwingereza aliyejifunza habari za viumbe, alivuka milima ya Andes huko Amerika ya Kusini pamoja na watu wawili wa kumwongoza. Jioni walitia viazi katika chungu juu ya moto. Vikachemka saa nyingi visilainike. Wakaacha chungu motoni usiku kucha, na asubuhi wakachemsha tena, viazi vikawa vingali vigumu. Darwin aliwasikia wale wawili wakishauriana juu ya sababu yake, nao walikata shauri ya kuwa chungu kile, kwa kuwa ni kipya, kimekataa tu kupika viazi. Yeye alijua ya kuwa ni habari ya hewa nyepesi, lakini chakula chao cha jioni hakikuwa kizuri zaidi kwa kujua.

Liko na jambo la pili lenye faida zaidi, maana laokoa kuni. Maji yakiisha kuchemka, hayazidi moto tena hata yakiwashiwa kuni za mzigo mzima. Yatatokota kwa makelele na kupungua kwa mvuke, lakini joto lake ni lile lile. Nyama haitaiva upesi zaidi. Kwa hiyo mpishi mwenye akili, chungu kikiisha kuchemka, huvuta vinga viwili nje, hufunika kifuniko sawasawa, na kuacha kichemke kwa utulivu. Njia ya kuzidisha joto ni moja tu, nayo ni kuufungia mvuke ndani. Mfaransa Denis Papin alitengeneza chungu cha namna hiyo mwaka 1679, chenye kifuniko kilichokazwa na valvu ya kutolea mvuke uliozidi, na ndani yake hata mifupa ililainika. Sufuria za mvuke ziuzwazo madukani leo ni wajukuu wa chungu kile.

Nyama ikiisha kulainika hutolewa, mifupa huondolewa, na minofu hukatwakatwa au kuchambuliwa kwa vidole. Katika mchuzi uliobaki hutiwa ndizi zilizokatwa vipande, pamoja na kitunguu na nyanya. Baada ya nusu saa hivi ndizi huwa laini. Ndipo huanza kazi ya mkono: kuziponda kwa mwiko chunguni mpaka yasionekane mabonge. Wanga wa ndizi ni chembe ndogo zisizoonekana kwa macho; zikiwa katika maji ya moto huvimba na kupasuka, zikashika maji yaliyokuwa yakizunguka huru. Hivyo mchuzi mwembamba huwa mzito, ingawa hakuna unga uliotiwa. Mtori mzuri hushika mwiko lakini humwagika kutoka katika upawa. Ukiwa mgumu zaidi, huo si mtori tena bali ni ndizi za kuponda.

Sasa yampasa mpishi asiondoke. Maji matupu huzunguka yenyewe chunguni, ya chini yakipanda na ya juu yakishuka, lakini kitu kizito hakizunguki. Kilicho chini hukaa chini mpaka kikaungua. Basi hukoroga bila kuacha, kwa moto mdogo. Ikitokea harufu ya kuungua, dawa si kukwangua chini, maana kufanya hivyo ni kueneza uchungu katika chungu chote. Mtori uliofaa humiminwa taratibu katika sufuria nyingine, na ulioshika chini huachwa ulipo.

Nyama hurudishwa, chumvi hutiwa mwisho, maana chumvi iliyotosha mwanzoni, maji yakiisha kupungua, huwa imezidi. Wengine hutia siagi kidogo. Wengine hutia maziwa, nao hungoja kwanza chungu kiepuliwe, kwa sababu maziwa yakichemshwa pamoja na nyanya huweza kukatika.

Mzazi hupakuliwa wa kwanza. Nyama ina madini ya chuma, ambayo mwili huyatumia kutengeneza damu. Ndizi zina nguvu ya kazi. Na maji ya supu humfaa anyonyeshaye, maana kiu yake ni kubwa. Lakini mtori ni chakula, si dawa. Mzazi anayetokwa na damu nyingi, au mwenye homa, hupelekwa hospitali saa ile ile, hata kama chungu kinakaribia kuiva. Wala mtoto mchanga haonjeshwi mtori, hata kidogo kwa ncha ya kidole. Mpaka atimize miezi sita, maziwa ya mama yamtosha peke yake.

Baada ya mzazi huja wengine wa nyumbani, na katika kugawa ndimo lilimo neno kubwa. Katika nyumba nyingi desturi ilikuwa hivi, na pengine ingaliko: baba hupewa minofu, wageni hupewa minofu, na watoto humiminiwa mchuzi juu ya ndizi zao. Watu husema ya kuwa hawakunyimwa, kwa sababu nguvu yote ya nyama imetoka ikaingia katika mchuzi. Maneno hayo yasikika kama kweli, kwa kuwa mchuzi una harufu ya nyama na ladha ya nyama. Hata wataalamu waliwahi kudanganyika kwa jambo la namna hiyo. Mdachi mmoja mwenye elimu kubwa, Justus von Liebig, aliifikiria sana nguvu ya maji ya nyama, na tangu mwaka 1865 maji hayo yalitengenezwa kwa wingi huko Uruguay, yakakaushwa yakawa mazito, yakauzwa Ulaya kama chakula cha kutia wagonjwa nguvu. Baadaye ilionekana ya kuwa yana ladha nyingi na lishe kidogo. Sehemu kubwa ya kinachojenga mwili, yaani protini, ilibaki katika nyama yenyewe.

Mtoto mdogo ndiye anayeumizwa na kosa hilo, hasa yule aliyeachishwa ziwa kwa sababu mdogo wake amezaliwa. Juzi alikuwa akinyonya. Leo amekaa pembeni na bakuli la ndizi na mchuzi, akimtazama mwingine kifuani kwa mama. Tumbo lake hushiba. Lakini gramu 100 za ndizi mbichi zina protini gramu 1 hivi, na nyama ya uzito ule ule ina gramu 20 hivi. Mtoto anayekua hawezi kujijenga kwa ndizi peke yake, kama nyumba isivyojengwa kwa udongo bila miti. Mwaka 1933 daktari mmoja mwanamke, Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi katika nchi iitwayo leo Ghana, aliandika habari za watoto wa namna hii. Wao walilishwa uji wa mahindi, si ndizi. Miguu yao ilivimba, ngozi ikababuka, nywele zikageuka rangi, na wengi walikufa. Mwaka 1935 aliutaja ugonjwa huo kwa jina ambalo Waga wa nchi ile waliuita, kwashiorkor, nalo ni jina la ugonjwa wa mtoto ambaye nafasi yake imechukuliwa na mdogo wake. Wataalamu wa leo wanajua ya kuwa ugonjwa huo una sababu zaidi ya moja, na maambukizo ya mara kwa mara huuongeza. Lakini chakula cha namna moja tu ndicho mlango unaoingilia.

Mtori, ukipikwa kwa kufikiri, waweza kuondoa udhuru wote. Husemwa ya kuwa mtoto hawezi kutafuna nyama. Basi nyama na itwangwe kinuni, au ichambuliwe nyuzi nyuzi, ikorogwe pamoja na ndizi. Nyama iliyochanganyika hivyo humfikia kila mtu kwa upawa ule ule, wala hata baba mwenye jicho kali hawezi kuichagua akaitoa. Na katika nyumba isiyo na fedha ya nyama, maharage yaliyoiva na kupondwa huwekwa mahali pake, au maziwa, au dagaa waliosagwa. Mpishi wa kale angesema ya kuwa huo si mtori wa haki. Huenda ni kweli, lakini mtoto hakui kwa jina la chakula.

Jambo la mwisho ni chungu kilichobaki. Mama anyonyeshaye huamka usiku na njaa, na kwa ajili yake mtori huachwa jikoni karibu na makaa. Desturi hiyo ina huruma ndani yake, na ina hatari pia. Vijidudu vya kuozesha chakula havipendi baridi kali wala moto mkali. Hupenda uvuguvugu, na mtori ulio vuguvugu ni shamba lao zuri kabisa, lenye maji, wanga na nyama. Aina nyingine hustahimili hata kuchemshwa, zikilala kama mbegu, kisha huamka chungu kinapopoa polepole. Chungu kikubwa kilichojaa hubaki na uvuguvugu usiku kucha, hata mlimani penye baridi.

Kwa hiyo kinachotakiwa kuliwa usiku hutengwa katika chombo kidogo, hupozwa upesi kwa kukiweka ndani ya beseni la maji baridi ya mfereji, hufunikwa, na kuhifadhiwa mahali pa baridi, au katika friji kama iko. Kabla ya kuliwa hurudishwa motoni, huongezwa maji kidogo maana umeganda, hukorogwa, na kuchemshwa kabisa mpaka utokote katikati, si pembeni tu. Mtori uliolala kando ya makaa mpaka asubuhi hapewi mzazi, hata kama harufu yake ni nzuri, kwa kuwa sumu nyingine za vijidudu hazina harufu, na kuchemsha hakuziondoi zote. Huo humwagwa penye migomba. Binti aliyeamka mapema huchochea moto, humenya ndizi nne tano, na kumpikia mama yake mwingine.